Wivu wa Mshika Kamba

Mimi ni mtu wa wivu, na sioni sababu ya kuficha jambo ambalo mji mzima wa Isiolo unalijua. Wivu wenyewe ulianza na Nanyuki. Mji ule umekaa miguuni pa mlima, na mlima huohuo sisi tunauona kutoka kwetu asubuhi, tukiwa nje tunapiga mswaki, kabla mawingu hayajaufunika. Klabu ya taifa ya wapanda milima ina tawi Nanyuki na ina tawi Isiolo, na barua pepe kutoka makao makuu Nairobi hutuita sote matawi yetu pendwa. Lakini kofia ngumu mpya zikinunuliwa, zinakwenda Nanyuki. Sisi huletewa zile ambazo wenzetu wamechoka kuzivaa, na ndani yake wameandika majina yao kwa wino mzito usiofutika. Nimepanda majabali miaka mingi nikiwa na jina la mtu mwingine kichwani.

Tawi la Isiolo nililianzisha mimi. Babu zetu walikuwa askari wa Kisomali walioletwa hapa enzi za mkoloni, na walipomaliza kupigana vita visivyowahusu wakapewa mahali pa kukaa. Wajukuu wao tukawa watu wa maduka na malori. Lori la baba yangu lilileta mbuzi kutoka Merti katikati ya wiki. Jumamosi nilikuwa naliosha kwa mipira ya maji, natandika maturubai, napakia wapanda milima. Harufu ya mbuzi haikutoka hata siku moja. Mwanachama mpya nilimjua kwa jinsi alivyoziba pua, na mzoefu kwa jinsi alivyolala usingizi juu ya maturubai yale.

Kuendesha tawi la namna hii ni kazi ambayo mtu wa Nairobi hawezi kuielewa. Tulipanda Jumamosi kwa sababu Ijumaa ni ya msikiti na Jumapili ni ya kanisa. Nilikwenda nyumba kwa nyumba kuwaomba akina mama waruhusu mabinti zao, na nilikaa muda mrefu mbele ya kioo mpaka nikapata namna ya kufunga hijabu ambayo haitaleta uvimbe chini ya kofia ngumu. Mwanzoni Waborana walikaa upande mmoja wa lori, Wameru upande mwingine, Waturkana wetu wawili nyuma kabisa, nikawachanganya kwa nguvu kama mwalimu wa darasa la kwanza. Wachungaji waliotukuta chini ya jabali, kwenye barabara ya vumbi ya kwenda Oldonyiro, walituuliza swali lilelile kila mara.

"Kuna mbuzi amepotea huko juu?"

"Hakuna," tulijibu.

"Sasa mnapanda kutafuta nini?"

Sikuwahi kupata jibu la kuwaridhisha. Mimi mwenyewe nilijua nilichokuwa nakitafuta. Nilitaka siku moja niketi kwenye kamati kuu ya klabu ya taifa, kule Nairobi, ambako hakuna mtu wa kutoka upande wetu wa mlima aliyewahi kuketi. Nilitaka kuwatazama watu wa Nanyuki usoni, meza moja, kiti kama chao.

Lazima nieleze desturi yetu moja, maana bila hiyo haya mengine hayatasimama. Anayetangulia kupanda jabali hufungwa kamba kiunoni, na upande wa pili wa kamba unabaki chini, mikononi mwa mwenzake. Huyo wa chini ndiye mshika kamba. Wa juu anapopanda hupachika vyuma kwenye nyufa na kupitisha kamba ndani yake. Akiteleza ataanguka mpaka apite chuma chake cha mwisho, halafu kamba itakaza na kumdaka, ikiwa mshika kamba yuko macho. Ikiwa hayuko macho, hakuna la kueleza zaidi.

Kwa hiyo nilipolianzisha tawi nikaweka sheria yangu. Mkutano wa mwaka tunaufanya chini ya jabali, si hotelini. Anayetaka cheo hupanda kwanza mbele ya wenzake, na akishashuka, mtu pekee anayeruhusiwa kumsemea ni yule aliyemshikia kamba siku hiyo. Mshika kamba akinyamaza, cheo kimekwenda na maji. Tena, ukiambiwa "nishikie" huna ruhusa ya kukataa. Kwetu kukataa kamba ya mtu ni sawa na kumkatalia salamu. Na uliyemshikia, naye atakushikia. Niliiona sheria hii kuwa kazi safi kabisa ya kichwa changu, na nilijisifu nayo kila tulipopata wageni.

Basi akaja yule mwanamke.

Alitoka upande wa Nyeri na kufungua duka la sare za shule karibu na soko. Alikuwa mshonaji hodari, Mkristo wa kwenda kanisani na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Alikuja kwenye lori letu Jumamosi moja akiwa na chupa mbili za chai ya tangawizi, akasema amechoka kukaa kwenye cherehani, anataka kunyoosha mgongo. Hakuziba pua. Hilo lilinifurahisha, na ni mimi niliyemfundisha fundo la kwanza. Nilimshika vidole nikamwonyesha kamba inavyorudi kwenye njia yake yenyewe. Vidole vyake vilikuwa virefu kuliko vyangu, lakini wakati huo sikuwa nimeanza kuvipima.

Kabla mvua za mwaka ule hazijaisha alikuwa anapanda mahali ambapo mimi nilikuwa bado napapasa. Hakupanda kwa nguvu. Aliinua mguu, akauweka, akausahau, akainua mwingine. Mimi hupanda kama mtu anayehamisha kabati. Nilisimama chini nikamtazama, na ndani yangu kitu kikajikunja kikakaa. Kiswahili kina jina lake, kijiba cha roho, na kwangu kilikaa kama mpangaji asiyetaka kuhama.

Kama angekuwa mtu wa kuringa ningepona mapema. Hakuringa. Alijua watoto wa kila mwanachama na magonjwa ya kila nyanya. Mzee mmoja wa Sericho, mfanyabiashara wa ngamia ambaye ndiye mwanachama wetu mkubwa kwa umri, alikuwa akiniletea mimi maziwa ya ngamia kila alipokuja mjini. Siku moja nikaona kibuyu kinapita mbele yangu, kinakwenda kwa mwanamke wa sare. Kilirudi kwangu baadaye kikiwa nusu. Nilikunywa, nikashukuru, na roho ikaniuma mpaka jioni.

Halafu akashona fulana za tawi. Rangi ya udongo wa kwetu, na mlima umechorwa kifuani kwa uzi mweupe. Nilikuwa nimeomba fulana Nairobi tangu tawi lianze. Yeye alizishona dukani kwake kwa vitambaa vilivyobaki, na ya kwanza akanipa mimi mbele ya watu wote. Ilinikaa vizuri mabegani, jambo lililonikera zaidi. Hakuwa amenipima hata mara moja.

Makao makuu nao wakaanza kumpigia simu yeye. Nilikuwa nimesimama dukani kwake nikingojea sare ya mpwa wangu nilipomsikia akisema, "Ndiyo, ndiyo, mwenyekiti wetu yuko hapa, ngoja nimpe." Akanipa simu. Nilizungumza na Nairobi kwa simu ya mtu mwingine, kwa hisani ya mtu mwingine, kuhusu tawi langu mwenyewe. Nikarudi nyumbani bila sare.

Mama yangu, ambaye sisi humwita hooyo, alinitazama siku hiyo nikikoroga chai iliyokwisha kukorogeka.

"Wewe na huyo mama ya duka kuna nini?" akaniuliza.

"Hakuna kitu, hooyo."

"Kila siku ni yeye tu. Amevaa hii, amesema ile, amepanda hapa. Hata bwana yako akiwa hai hukuwa unamuongea hivyo."

Nilimwambia ni mambo ya klabu. Akasema klabu ndiyo inaitwa hivyo siku hizi, akaendelea kuchambua mchele wake.

Baada ya hapo habari ikaja kutoka Nairobi. Kamati kuu itaongeza kiti kimoja kwa ajili ya kaskazini, na atakayekikalia atachaguliwa na tawi la Isiolo katika mkutano wake wa mwaka. Katibu wa klabu ya taifa angekuja mwenyewe kushuhudia. Nilisoma ujumbe ule kwenye simu mara kadhaa, kisha nikatoka nje nikasimama kuutazama mlima, na kwa mara ya kwanza sikuwaonea Nanyuki gere. Kiti kilikuwa kimekuja. Kilikuwa changu kwa kila haki, kwa kila Jumamosi niliyolisugua lile lori.

Kisha nikasikia sokoni kwamba watu wanamwambia mwanamke wa sare agombee, naye amesema ataona.

Siku ya mkutano jabali lilikuwa bado baridi tulipofika. Katibu wa Nairobi, mwanamume mpole mwenye viatu safi, alizunguka akipeana mikono, akasema salaam aleikum kwa Wakristo na habari kwa Waislamu, watu wakamsamehe. Nilikuwa nimepanga mambo yangu. Ningemwomba mwalimu mmoja rafiki yangu anishikie, mtu mwenye ulimi mzuri, anisemee mpaka watu walie. Nilikuwa nimeshaanza kutembea kuelekea kwa mwalimu nilipoguswa bega.

"Madam mwenyekiti," alisema yule mwanamke, na kila mtu alisikia. "Nishikie."

Nilisimama. Kamba ilikuwa mkononi mwake, ameshika mwisho mmoja na kuninyooshea mwingine.

"Nilidhani utashikiwa na mtu mwingine," nikamwambia.

"Hapana. Mimi nataka wewe."

Sheria ni yangu. Sikuweza kukataa. Na kwa kuwa ningemshikia yeye, yeye naye angenishikia mimi, maana yake ni kwamba wagombea wawili wa kiti kimoja walikuwa wamejifunga kamba moja, na kila mmoja angelazimika kusimama mbele ya watu na kumsemea mwenzake. Miaka yote niliyojisifu na sheria ile sikuwahi kufikiri kwamba jambo kama hilo linaweza kutokea. Nikasikia mzee wa Sericho akicheka kwa pua. Nilimchukia mwanamke yule wakati huo, kwa sababu niliona mtego, na niliuona mtego mzuri, na sikuwa nimeutega mimi.

Nilipanda mimi kwanza, yeye akinishikia. Nilichagua njia ninayoijua, nikahamisha kabati langu mpaka juu bila kosa. Watu wakapiga makofi, katibu akapiga picha. Nilipofika chini mtu akaita kwamba chai iko tayari kwenye kivuli cha upande wa pili wa jabali, na wote wakaondoka, hata katibu, kwa sababu hakuna sheria ya klabu inayoshinda chai ya Isiolo ikiwa ya moto. Mwanamke wa sare hakusubiri warudi. Alikuwa amekwisha kujifunga.

"Uko tayari?" akauliza.

"Niko tayari. Panda."

Alichagua ufa mrefu ulio katikati, ambao sisi wote tunauogopa. Nilimtazama. Sina namna nyingine ya kumtazama mtu yule. Macho yangu yalikuwa yamezoea kumfuata mjini kote, dukani, kanisani anapotoka, sokoni anapochagua nyanya. Nilijua mguu upi anautegemea. Nilijua kwamba akichoka huinua kidevu. Alipanda vizuri mpaka katikati, akafika mahali ufa unapopanuka na kukaa sawasawa kwa kupachika chuma, mahali ambapo hata mgeni angepachika, akapapita.

"Pachika!" nikapiga kelele.

"Ngoja nifike hapo juu kidogo!"

"Pachika sasa!"

Akainua kidevu. Nikaona kisigino cha kushoto kikianza kutetemeka. Sikungoja. Nilikuwa nimekwisha kurudi nyuma hatua moja na kuvuta kamba iliyolegea wakati mguu ule ulipoteleza.

Akaanguka ubavuni mwa jabali bila sauti. Kamba ikakaza, ikaniinua kutoka ardhini, nikagonga bega kwenye mwamba, na mikono yangu haikufunguka. Tukaning'inia wote wawili, yeye juu na mimi chini kidogo, tukitazamana kama watu waliokutana kwenye ngazi. Atakayesoma haya atataka kujua kama niliwaza kuachia. Sikuwaza. Mikono yangu haikuniuliza.

Wazo lilikuja baadaye kidogo, wakati alipokuwa amejishika tena na kurudi kwenye ufa, safari hii akipachika chuma kila mahali kama mwanafunzi. Wazo lilikuwa hili: hakuna aliyeona. Wote walikuwa kwenye chai. Mgombea wa kamati kuu amepuuza chuma, amepuuza mshika kamba wake, ameanguka, na shahidi ni mmoja tu, na shahidi huyo sheria inamtaka aseme. Sikuhitaji kutunga neno. Ningesimama tu na kusema kilichotokea, kwa huzuni, kwa upole, kama mtu anayelazimika. Wivu wangu ulinyoosha miguu ukakaa vizuri.

Alipofika chini alinitazama bega.

"Umeumia."

"Kidogo."

Akanifungulia fundo kwa vidole vyake virefu. Tukaenda kunywa chai. Mandazi yalikuwa bado yapo. Nilikula mawili, na yalikuwa matamu sana.

Mzee wa Sericho ndiye aliyeendesha mkutano. Akasema jua limeshapanda, watu wasipoteze wakati, na kwa heshima mwenyekiti atasemewa kwanza. Mwanamke wa sare akasimama. Alikuwa na chaki ya kupandia, ule unga wa kukausha viganja, kwenye shavu na hakuna aliyemwambia.

"Mimi sina maneno mingi," akaanza. "Leo nimeanguka."

Watu wakaacha kutafuna.

"Nyinyi mlikuwa kwa chai. Mwenyekiti aliniambia weka chuma, mara mbili, nikajifanya najua. Nikaanguka. Kama si yeye, saa hii mngekuwa mnanibeba. Sasa sikizeni. Karibu nyinyi wote mmenishikia kamba. Mkinishikia mnaongea. Mnaangalia simu. Ngamia ikipita mnaangalia ngamia. Huyu hatoi macho kwangu. Tangu nije hapa Isiolo, huyu mama hajawahi kutoa macho kwangu, na nyinyi wote mnajua ni kwa nini."

Kicheko kilichotoka pale kiliwarusha ndege. Mzee wa Sericho alishika kilemba. Mwalimu rafiki yangu, yule niliyetaka anisemee, alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Walijua. Wote walikuwa wamejua siku zote, lori zima, na walikuwa wamepanda na wivu wangu kila Jumamosi pamoja na harufu ya mbuzi.

"Mimi sikasiriki," akaendelea, akiwa ananitazama sasa, hacheki. "Mtu wa kukuangalia hivyo utampata wapi? Ndio maana nilimwambia anishikie. Mpeni hiyo kiti. Huko Nairobi wanataka mtu ya kuangalia mambo namna hiyo. Nimemaliza."

Akaketi. Na mimi nikabaki na silaha yangu mkononi, haina makali. Hata habari ya kuanguka kwake mwenyewe alikuwa amenitangulia kuisema. Amejitia aibu mbele ya mgeni, amenipa kiti kwa mkono wake, na amefanya hivyo kwa maneno machache na chaki shavuni. Niliona wivu kuliko siku zote za maisha yangu. Niliuonea wivu ukarimu wake. Fulana, sawa. Vidole, sawa. Maziwa ya ngamia, sawa. Lakini hili la leo sikuweza kumwachia alichukue peke yake.

Nikasimama.

"Amesema kweli," nikasema. "Mimi namwangalia. Basi niwaambie nilichokiona, maana nyinyi mnaangalia ngamia."

Nikawaambia. Nilieleza anavyoweka mguu na kuusahau. Nilieleza kwamba baada ya kuanguka hakulia wala hakutafuta wa kumlaumu, alirudi palepale alipokosea akapachika chuma alichokuwa amekiruka, na mtu wa namna hiyo hajawahi kuonekana kwenye kamati yoyote ninayoijua. Nilisema kwamba tawi hili lilikuwa kundi la watu wanaonitii, na alipokuja yeye likawa kundi la watu wanaopendana, na kwamba kusema hivyo kunaniuma kooni. Nilisema anapanda kuliko mimi. Nilisema anapanda kuliko Nanyuki nzima, hata wakimvalisha kofia zao za zamani. Katibu wa Nairobi alitazama viatu vyake. Nilisema mengi zaidi ya aliyosema yeye, na nilihesabu ushindi kila watu walipoitikia kwa vichwa. Mwishoni nikasema, "Mpelekeni Nairobi, na mimi nipumzike," watu wakacheka tena, na safari hii kicheko kilikuwa changu.

Mzee wa Sericho akaita mikono.

Nilimshinda kwa maneno, nikashindwa kwa mikono. Mikono iliyoinuka kwa ajili yake ilikuwa mingi, na ya kwangu ilikuwa michache ya watu wanaoogopa kunikosea. Yeye mwenyewe aliinua mkono kwa ajili yangu. Mimi sikuinua wangu kwa ajili yake. Nilikuwa nimempa maneno yote niliyokuwa nayo, mkono nikabaki nao. Aliniona, akatabasamu kama mtu aliyelitegemea hilo.

Kiti kikaenda. Niliporudi nyumbani na bega limevimba, hooyo alinipaka mafuta ya simsim ya moto na hakuuliza chochote. Nililia kidogo, si kwa ajili ya bega.

Sasa anakwenda Nairobi kila wanapokutana, anarudi na habari, na kofia ngumu zimekuja mpya, zikiwa kwenye mifuko ya kiwandani, ndani hazina jina la mtu. Zilipofika nilizipanga kwenye lori moja moja. Tawi limebaki mikononi mwangu jinsi nilivyolitaka siku zote. Jumamosi ninaposhikia wengine kamba, shingo hainiumi kama ilivyoniuma nilipomshikia yeye. Nawatazama inavyopaswa, kwa wajibu.

Juzi alituma picha kwenye kundi la simu. Kamati kuu ilikuwa imekwenda kupanda pamoja, mahali fulani nje ya Nairobi, majabali mazuri, watu wenye vifaa vya kung'aa. Yeye yuko juu katikati ya mwamba, amevaa fulana yetu ya rangi ya udongo, mguu mmoja ameuweka na kuusahau. Wanachama walikuwa wakituma pongezi, mashallah, Mungu ni mwema. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye ngazi ya lori. Nikaikuza picha kwa vidole viwili, nikaifuata kamba kutoka kiunoni mwake kwenda chini, chuma kwa chuma, mpaka pembeni ambako kulikuwa na mikono ya mtu nisiyemjua, yenye glavu mpya. Sikuwahi kumwonea mtu wivu kama nilivyoionea mikono ile.

Nikasogeza picha juu kidogo nione uso wa mwenye glavu. Alikuwa anatabasamu. Alikuwa anatazama kamera.

Nilimpigia palepale, na aliposhika simu sikumsalimu.

"Nani huyo amekushikia?"

"Ai, madam, ni mtu ya kamati tu. Kwani umeona nini?"

"Haangalii juu," nikamwambia. "Mwambie aangalie juu."

Nilisikia cherehani yake ikisimama.

"Jumamosi hii nakuja," akasema. "Nishikie."